Kipya Kinyemi, Ila Nionyeshe na Pawa Saplai

Tunapoonyeshana manunuzi ya kompyuta, picha huwa ni ileile. Boksi la kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha za kwenye skrini, limekaa juu ya meza, nyuma yake taa za rangi, nailoni bado haijabanduliwa, na pembeni kidole gumba cha mwenyewe kimejipenyeza bila kualikwa. Chini yake maneno mawili: "Imefika jamani." Nami, mtu mzima mwenye shughuli zangu, naikuza picha ile ili nisome maandishi madogo ya ubavuni mwa boksi. Ina gigabaiti ngapi? Feni mbili au tatu? Inakula wati ngapi?

Sitajifanya mtawa. Kuna wanaosema kuonyeshana manunuzi ni majivuno matupu, na kweli majivuno yamo. Lakini mtu aliyejinyima miezi kadhaa, akakesha akilinganisha vifaa hadi macho yakamwuma, ana haki ya kupongezwa na watu wanaojua alichokipata. Wenzake wengine wataona sanduku jeusi linalovuma. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na sina ugomvi na unyemi huo. Ugomvi wangu ni juu ya kile tunachochagua kupiga picha. Kadi ya grafiki inapigwa kama bibi harusi. Pawa saplai, kifaa cha kugawa umeme, imefichwa chini ya sanduku, gizani, na hakuna anayeiulizia hata jina.

Wakati hiyo ndiyo inayomlisha kila mmoja humo ndani.

Chukua kadi ya grafiki ya RTX 4090, iliyotoka Oktoba 2022. Peke yake imepimiwa wati 450, na kwa vipande vya sekunde huweza kuruka juu ya hapo. Mtu anaitia kwenye pawa saplai ya zamani aliyoirithi kutoka mashine mbili zilizopita, kisha anashangaa kompyuta inazima katikati ya gemu na kudhani draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ndiyo mbaya. Ukimwuliza, atakujibu kwamba pawa saplai yake ina nembo ya 80 Plus. Nembo hiyo, iliyoanza mwaka 2004, inapima jambo moja: ni kiasi gani cha umeme unaotoka ukutani kinafika kwenye vifaa bila kupotea kama joto. Haikuambii kama vipuri vya ndani ni imara, wala kama itajizima kwa usalama mambo yakiharibika. Pawa saplai yenye nembo hiyo ya daraja la dhahabu inaweza kuwa bora, na inaweza kuwa takataka isiyopoteza umeme mwingi.

Na hapo hapo kuna mtego ambao sijui kwa nini haupigiwi kelele zaidi. Pawa saplai zenye waya za kuchomoa zinafanana, na plagi za moja mara nyingi zinaingia vizuri kwenye nyingine. Usithubutu. Ule mwisho wa waya unaokwenda kwenye ubao mama (ubao mkuu wa kompyuta) au diski una mpangilio unaofuatwa na wote, lakini mwisho unaoingia kwenye pawa saplai yenyewe kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na wakati mwingine hubadilisha kutoka modeli moja hadi nyingine. Unapachika waya wa zamani kwenye pawa saplai mpya, unawasha, volti 12 zinaingia palipokuwa pakingoja 5, na diski inakata roho na kila ulichokihifadhi. Nimeona mtu akiipoteza diski hivyo siku ileile aliyotuonyesha mashine mpya. Picha ya pili hakutuma.

Kitu kingine kisichopigwa picha ni SSD ya kawaida, hifadhi ya data isiyo na kinachozunguka, hii ya SATA (njia ya zamani ya kuiunganisha), nyembamba, isiyo na taa hata moja. Kwangu mimi hakuna manunuzi yaliyowahi kubadilisha kompyuta kuukuu kuliko kutoa diski ya kuzunguka na kuweka hii. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inalazimika kusogeza kichwa chake na kungoja data ipite chini yake, na kila safari kama hiyo inachukua takriban milisekunde 10 au zaidi. SSD haina cha kusogeza, kwa hiyo jibu linakuja ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde moja. Mashine ikiwaka inasoma maelfu ya mafaili madogo madogo, na ndipo unapoihisi tofauti. Halafu wanakuja wale wa NVMe ya PCIe 5.0, SSD za njia mpya ya kasi, megabaiti zaidi ya 10,000 kwa sekunde, wanaicheka SATA yenye 550. Kwenye karatasi wana haki. Kwa anayefungua barua pepe na hati zake, hatua kubwa ilikwisha kupigwa kwenye SSD ya kwanza. Anayehariri video nzito yeye ana hesabu nyingine, namwacha na hesabu zake.

(Na kwa wote wanaolalamika kila mwezi kwamba wameibiwa kwa sababu terabaiti 1 inaonekana kama gigabaiti 931: hamjaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.)

Sasa nijitaje mwenyewe, maana nami nimo. Niliwahi kununua skrini ya herzi 144, yaani inayochora picha mara 144 kwa sekunde. Nikaipiga picha kutoka pande tatu. Nikawaeleza watu kwamba kurudi kwenye 60 haiwezekani tena, kwamba jicho likishazoea ulaini ule basi. Kama miezi minne hivi baadaye, nikitafuta jambo lingine kwenye mipangilio, nikakuta Windows imewekwa herzi 60. Ilikuwa hapo tangu siku ya kwanza. Ule ulaini wote niliousimulia ulikuwa wa kichwani mwangu na wa boksi.

Tangu siku hiyo, mtu akituonyesha RAM mpya, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, swali langu la kwanza huwa ni moja, na najua linakera: umewasha XMP, ule mpangilio wa kuifikisha kwenye kasi iliyoandikwa? Kwa sababu RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3600 haianzi na 3600. Inaanza na kasi ya msingi, mara nyingi 2133 au 2400, mpaka uingie BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, uiamuru. Vilevile vipande viwili vya RAM kwenye ubao mama wenye nafasi nne havikai jirani. Kwa kawaida vinaingia nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa (ubongo wa kompyuta), ili zile njia mbili za kumbukumbu zifanye kazi pamoja. Kuna watu wengi wamelipia kasi ambayo imelala usingizi humo ndani, na hawatajua, kwa sababu kompyuta mpya huwa na kasi kuliko ile ya zamani hata ikiwa imefungwa mguu mmoja.

Kwa wa simu na vifaa vya mkononi, wenzangu mnaopanga kila kitu sambamba na kukipiga kutoka juu, nionyesheni kebo. Umbo la USB-C ni moja, na kwa simu zinazouzwa Umoja wa Ulaya limekuwa la lazima tangu tarehe 28 Desemba 2024. Ndani ya umbo hilo kuna kebo zinazopitisha wati 60 na nyingine 240, kuna za megabiti 480 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya USB 2.0 ya mwaka 2000, na kuna za gigabiti 40. Ukiziweka mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho, isipokuwa kwa maandishi kama yapo. Mtu ananunua diski ya nje ya kisasa, anaichomeka kwa kebo iliyokuja na simu, kisha anaitangaza kuwa mbovu.

Manunuzi yangu ya karibuni ni kijibomba cha pesti ile ya kupitisha joto, inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto chake. Ya zamani ilikuwa imekauka kama chaki. Nilikipiga picha, kijibomba kidogo cha kijivu kwenye kiganja, nikaituma bila maneno mengi. Kimya. Siku ile wengine walikuwa wakishangilia sanduku la vioo pande tatu. Usiku ndipo mtu mmoja tu akauliza zimeshuka nyuzi ngapi.

Kumi na nne. Tukaongea mpaka saa saba.