Kituo cha tramu ndicho kilichoijenga Coolidge Corner

Mgeni akifika Coolidge Corner, mjini Brookline jirani na Boston, hulipiga picha jengo la S.S. Pierce, lile lenye mnara, lililosimama kwenye njia panda ya Beacon na Harvard tangu mwishoni mwa miaka ya 1890. Ageuke kidogo, atazame reli zilizo katikati ya barabara. Zilitangulia.

Kabla ya hapo palikuwa na duka la akina Coolidge na nyumba za kuhesabika. Mwaka 1886 mfanyabiashara Henry Whitney, aliyekuwa amenunua ardhi kando ya Beacon Street, aliusukuma mpango wa kuipanua barabara hiyo. Mchoro ukatoka ofisi ya Frederick Law Olmsted, mbunifu wa bustani na mandhari, na reli zikapewa njia ya peke yake. Kwa hiyo tusijidanganye: tramu ilikuja kuuza viwanja.

Whitney alikuwa akifikiria tramu za kuvutwa kwa kebo ya chini ya ardhi. Mwaka 1888 akaenda Richmond, Virginia, kuona mfumo wa tramu za umeme wa mhandisi Frank Sprague. Hofu yake ilikuwa moja: magari ya tramu yakisongamana kisha yaondoke kwa mkupuo, umeme utahimili? Usiku Sprague akapanga magari 22 kwenye kipande cha njia kilichokusudiwa magari 4, akaagiza mtambo upandishwe hadi volti 500, kisha yakaanza kuondoka moja baada ya jingine. Taa zilififia, lakini yote yalikwenda. Januari 1889 tramu za umeme zikaanza kupita Coolidge Corner.

Sasa tazama maduka yalivyokaa. Abiria hushuka palepale kila jioni, kwa miguu, na mkononi habebi zaidi ya mkate, nyama na dawa. Kwa hiyo kila mwenye duka alitaka mlango karibu na kituo, na kodi ya ukingo huo ikapanda. Ndiyo maana fremu ni nyembamba na ndefu kwenda nyuma, zimebanana bila uchochoro, na vioo vimefika ukingoni mwa njia ya miguu. Harvard Street nayo ilikuwa na tramu zake, leo ni basi namba 66, na anayebadili gari husubiri. Anayesubiri hununua. Majengo yale mafupi yasiyo na ghorofa juu, ambayo wengi huyadharau, yalikuwa ujanja wa wenye viwanja wa enzi za tramu: jenga kwa bei nafuu, pango la maduka lilipe kodi ya ardhi, ngoja thamani ipande.

Kinachouharibu mtaa wa namna hii mara nyingi si kubomoa. Ni mpangaji mmoja, benki kwa mfano, kuunganisha fremu nne, kufunga milango mitatu na kubandika mabango kwenye vioo. Uso wa jengo unabaki wa kale, mkaguzi wa urithi anaridhika, na mpita njia hana pa kuingia. Kanuni ya uhifadhi ingepaswa kuweka kikomo cha upana wa fremu na kudai mlango unaofunguka kila mita 6 hadi 8. Rangi ya matofali ingoje.

Halafu kuna maegesho. Kwenye mchoro wa Olmsted, Beacon Street ilikuwa na njia ya wapanda farasi, magari yameimeza. Gari moja lililoegeshwa huchukua takriban mita 6 za ukingo, yaani fremu nzima, na dereva wake huenda ameingia duka moja tu. Vituo vya tramu kwenye Beacon viko 13, kwa wastani kila mita 300 hivi. Anayepigania maegesho mapya aanze kwa kuhesabu wanaoshuka hapo saa kumi na moja jioni.