Twiga wanne, mafuvu 515 na swali la mpaka

Agosti 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilikubali rasmi kwamba twiga si spishi moja bali nne: wa kaskazini, wa kusini, twiga Maasai, na yule mwenye madoa yaliyotenganishwa na mistari myeupe kama wavu. Vinasaba ndivyo vilivyowasha mjadala huo mwaka 2016. Mwishoni mwa 2024 mafuvu nayo yakaitwa kutoa ushahidi: watafiti walipima 515 kwa pande tatu, wakasema yanagawanyika kwa makundi hayohayo manne, hasa kwenye vipembe vya kichwani. Dume wa kaskazini ana kipembe cha tatu kilichochomoza vizuri juu ya paji la uso. Kwa wa kusini hakijitokezi sana.

Mimi nawakubali twiga wanne. Ila ushahidi wa mafuvu siupi uzito ambao wengi wanaupa.

Kipimo chenyewe ni kizuri. Unaweka alama zilezile kwenye kila fuvu, tuseme ukingo wa tundu la jicho au kitako cha pembe, kisha kompyuta inayasogeza, inayazungusha na kuyasawazisha ukubwa mpaka libaki umbo tupu. Njia hii imepewa jina la Procrustes, yule mwenyeji wa hadithi za Kigiriki aliyewavuta wageni wafupi na kuwakata miguu warefu ili watoshe kitandani. Wanatakwimu nao wana utani wao. Faida yake ni kwamba unapata tofauti ambazo rula haizioni, na mwingine akirudia anaweza kukukosoa kwa namba.

Lakini ukisawazisha ukubwa, hujaondoa umri. Dume la twiga huzidi kujazia mfupa kichwani kadiri linavyozeeka. Sehemu moja ikileta mafuvu ya madume wazee waliopigwa na wawindaji, na nyingine ikaleta ya majike na vijana, utaona "spishi" mbili ambazo kwa kweli ni babu na wajukuu. Kisha kuna mbinu zinazotafuta tofauti kati ya makundi uliyoyapa majina wewe mwenyewe kabla ya kuanza. Vipimo vikiwa vingi kuliko mafuvu, mbinu hizo hutenganisha hata namba za kubahatisha. Mchoro unatoka msafi, rangi nne pembe nne, na msomaji anaamini.

Kinachonisumbua zaidi ni ramani. Wanyama wanaoishi jirani hufanana, kwa hiyo mafuvu ishirini ya bonde moja si mashahidi ishirini. Na ukiacha pengo katikati, mabadiliko ya polepole hugeuka kuwa ukuta. Watazame nyani: ukilinganisha wa Laikipia na wa Mikumi peke yao, utaapa ni wanyama wawili. Pitia Amboseli, utakuta machotara wamejaa.

Hapo ndipo twiga wanapojitetea, na si kwa mafuvu. Katika bustani za wanyama huzaliana bila shida, lakini porini machotara ni nadra, hata pale ambapo hakuna mto wala mlima wa kuwazuia. Nyani hawana utetezi huo. Ndiyo maana nasimama upande wa wanne, huku nikijua twiga wa Luangwa kule Zambia, aliyetengwa mbali na wenzake, amewekwa chini ya Maasai kwa uamuzi ambao fuvu peke yake lisingeutoa.

Ningependa kuona kazi hiyo ikirudiwa majina yakiwa yamefunikwa: kila fuvu kwenye nukta yake ya ramani, kisha tuulize kama umbo linabadilika kidogokidogo kwa kilomita au linaruka mahali pamoja. Shida ni lebo. Baadhi ya mafuvu ya zamani katika makumbusho yameandikwa jina la koloni tu, na Kenya peke yake ina aina tatu kati ya hizo nne.