Siku Fuso Letu Lilipopata Deiwaka

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na humo ndani mwenye njia ni mnyama. Mchana mwisho wa mwendo ni 70, usiku 50. Matuta yapo ya kutosha, na ukitupa hata ganda la chungwa umeshafanya kosa. Kuna na ubao wa faini kwa atakayegonga: tembo dola 15,000, twiga dola 15,000, bei zinashuka mnyama kwa mnyama mpaka unamkuta nyani. Utingo hayumo. Nimeusoma ubao ule juu mpaka chini.

Mimi ni utingo. Na kwetu barabarani, anayemshikia dereva usukani kwa muda tunamwita deiwaka.

Siku hiyo tulikuwa tumepakia ndizi Tukuyu, tunazipeleka Mabibo, soko ambalo Dar nzima inaliita Mahakama ya Ndizi. Mwenye mzigo ni mama mmoja wa Kinyakyusa ambaye haamini simu wala dalali. Ndizi zake anazisindikiza mwenyewe, amekaa katikati yetu, pochi kifuani, na kila tuta tukiruka anaguna kama tumemkanyaga yeye. Mzigo ulikuwa ndizi za kupika, mbichi kabisa, ila nyuma, chini ya majani makavu ya mgomba, alikuwa ameficha mikungu ya kisukari iliyoanza kuiva njiani. Mimi na dereva hatukuambiwa. Mama anawajua matingo.

Kwa kawaida Mikumi tunaipita usiku. Lakini mlima Kitonga lori lilikuwa limekufa kwenye kona, foleni ikalala pale pale, na tulipokuja kuingia hifadhini ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka, vioo vyote tumeshusha. Ghafla, pwaa! Tairi la nyuma, la nje.

Dereva akaegesha pembeni, akazima gari, akanitazama.

"Dogo, shuka."

"Kaka, humu si hairuhusiwi kushuka?"

"Kwa hiyo tairi lijibadilishe lenyewe?"

Nikashuka. Nikaweka gogo kwenye tairi la mbele, nikapanga triango, nikatoa jeki. Upande wa kulia, mbali kidogo, tembo wawili walikuwa wanakula zao majani. Tukakubaliana: mimi nifungue nati, dereva asimame awatazame tembo, wakisogea apige mluzi. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote. Alitoa simu, akaanza kuwarekodi.

Nati moja ilikuwa imeshika kutu. Nikachomeka bomba kwenye spana, nikapanda juu ya bomba, nikawa naruka-ruka nimeshikilia bodi. Bomba linapinda, nati imetulia. Nikiwa hewani hivyo, kitu kikanipiga kisogoni. Ndizi mbichi. Ina alama ya meno, imeng'atwa mara moja tu.

Nikajua dereva ananiharakisha. Nikageuka nimwambie la kumwambia. Yuko kule kule, na tembo wake.

Ndipo nikatazama juu. Turubai lote limejaa nyani.

Nyani wa Mikumi siku nyingi wamemjua binadamu. Wanakaa pembeni mwa lami wakingojea vinavyorushwa kutoka kwenye madirisha ya mabasi, na hawa walikuja upande wa kushoto, kwa miguu, bila fujo, sisi tukilinda kulia. Mmoja alikuwa anachuma ndizi, anaonja, anakunja uso, anatupa. Mwingine, mzee wa makamo, alikuwa ananusa mkungu mmoja baada ya mwingine bila kugusa, mpaka alipofika nyuma kwenye majani makavu. Akafunua. Akatoa sauti moja fupi, na wote wakahamia huko.

"Mama," nikaita, "kwani nyuma kuna nini?"

Mama hakujibu. Nilisikia mlango wa kebini ukifunguliwa, nikamwona anashuka, khanga ameifunga kiunoni kivita. Akatafuta silaha, akaona gogo langu chini ya tairi la mbele, akalichomoa.

"Mama, hilo limezuia gari!"

"Lizuie gari, ndizi zangu zizuiwe na nani?"

Akaanza kulipigisha kwenye bodi, ngo! ngo! ngo!, huku akiwasema kwa Kinyakyusa. Sielewi Kinyakyusa chote, ila kwa nilivyosikia waliguswa mpaka bibi zao. Nyani walimsikiliza kwa adabu, wakaendelea kula. Hawakuwa na haraka. Ganda la kisukari walikuwa wanaliangushia upande wangu.

Sasa, mlango Mama aliuacha wazi. Dume moja kubwa, lile ambalo halikuhangaika kupanda kabisa, likazunguka mbele ya gari taratibu, likatazama ndani, likapanda. Nilidhani litachukua kikapu cha chakula liondoke. Kikapu lilichukua, ndiyo, lakini likahamia nacho kiti cha dereva, likakaa, na kiwiko likakiegemeza katikati ya usukani.

Honi ya Fuso letu mnaijua wa njia hiyo. Ikilia Doma, Morogoro wanaandaa chai.

Pooooo! Tembo wote wawili wakageuka, masikio wamefungua. Mmoja akapiga hatua mbele. Dereva wetu, aliyeahidi mluzi, hakupiga mluzi. Alikimbia. Akanipita mimi, akampita Mama na gogo lake, akafika kwenye mlango wake, akauvuta kwa nguvu aingie ajifiche.

Wakatazamana.

Dume lilikuwa na yai la kuchemsha mdomoni. Dereva, mkono kwenye kitasa, mguu mmoja kwenye ngazi, akasema, na nilimsikia kwa masikio yangu: "Samahani." Akafunga mlango.

Alivyofunga tu, basi la kwenda Mbeya likafika, likapunguza mwendo kwa ajili ya tuta. Abiria wote wakahamia upande wetu. Simu zikatoka madirishani. Konda akachungulia, akaliona dume kwenye usukani, akamwona dereva amejibanza nje:

"Mzee, huyo deiwaka wako ana leseni?"

Basi zima likalipuka. Tembo, sijui ni kwa kelele hizo au walituonea haya, wakageuka wakaingia porini. Dume likamaliza yai, likatoka dirishani na kikapu.

Gari la hifadhi lilifika baadaye kidogo. Afande akashuka na bunduki begani, akatazama lami iliyojaa maganda.

"Mnajua kulisha wanyama ni kosa?"

"Kulisha!" Mama akaruka. "Baba, mimi nimelisha au nimeporwa? Hebu niambie, yule mkubwa ningemgonga, ningelipa?"

"Ungelipa, mama."

"Kwa dola?"

"Kwa dola."

"Haya. Na yeye amekula kisukari yangu mikungu mitatu, na mayai, na chupa ya chai amevunja. Hizo dola zangu ofisi yake iko wapi?"

Afande alijaribu kujizuia, akashindwa, akageukia gari lake mabega yakitikisika. Aliporudi akatuambia tuokote kila ganda, kisha akasimama kutulinda mpaka nikamaliza tairi. Ile nati aliifungua yeye, kwa mkono mmoja. Sitaki kulizungumzia hilo.

Tulifika Mabibo usiku, na video ilikuwa imetutangulia. Wabeba mizigo walitupokea kwa kupiga honi za mdomo. Asubuhi wateja walipokuja, mmoja akashika mkungu wenye alama za meno, akaanza kushusha bei: mama, hizi si ndizo mabaki ya nyani?

Mama akaukamata ule mkungu, akaunyanyua juu soko zima lione.

"Mwanangu, kwa nyani ndizi hazipiti hivi hivi. Amepanda juu, amenusa mzigo wote, hizi ndizo alizozikubali. Nimekupunguzia kazi ya kuchagua. Ongeza elfu mbili."

Akaongeza. Waliobaki nyuma yake wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini kama kuna mingine yenye meno.