Mkono wa tatu: kunawa ni suala la elimu au la maji?

Jaribu kunawa kwa jagi ukiwa peke yako. Mkono wa kulia umeshika jagi, wa kushoto unalowa. Ukitaka kupaka sabuni inabidi uliweke jagi chini, usugue, halafu ulishike tena kwa vidole vyenye povu. Na mpini ule ndio uliouchafua dakika moja kabla. Asiye na bomba anahitaji mkono wa tatu. Ile michoro ya kunawa kwa sekunde 20 huonyesha koki ikitiririsha maji, na sijawahi kuona hata mmoja wenye jagi.

Hapo ndipo penye mvutano wa siku nyingi katika afya ya jamii: watu hawanawi kwa kuwa hawajaelimishwa vya kutosha, au kwa kuwa kunawa kwenyewe ni usumbufu?

Upande wa elimu una ushahidi. Katika makazi duni ya Karachi, Pakistan, zilikuwapo familia zilizopewa sabuni na kutembelewa kila wiki na wahamasishaji. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, nimonia kwa watoto wao wa chini ya miaka 5 ilipungua kwa asilimia 50, na kuhara kwa wale wa chini ya miaka 15 kwa asilimia 53. Kuhara kunaeleweka: kinyesi, kidole, mdomo. Nimonia inahitaji kufikiri kidogo, mpaka umwangalie mtoto mwenye mafua anavyojifuta kamasi kwa kiganja, kisha akamshika mwenzake usoni.

Na sabuni ya kawaida ilifanya kazi sawa na ile yenye dawa ya kuua bakteria, kwani kazi kubwa ya sabuni ni kung'oa mafuta na uchafu unaoshikilia vijidudu kwenye ngozi ili maji yavisombe. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku viambato 19 vya aina hiyo, ikiwamo triclosan, katika sabuni za kunawia za kawaida, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba ni salama na vinaishinda sabuni tupu. (Waliokuwa wakilipa zaidi kwa ajili ya neno "antibakteria" na wajihesabie wenyewe.)

Ila hadithi ya Karachi ina sehemu ya pili isiyosimuliwa sana. Watafiti waliporudi baadaye, sabuni ya bure na ziara za kila wiki zikiwa zimekoma, familia zile zilikuwa zinanunua sabuni kama majirani tu, na watoto wao waliharisha kama watoto wa majirani. Sidhani walisahau somo. Somo hukaa kichwani, sabuni huisha.

Mwaka 2018 zikatoka tafiti mbili pacha za vijijini, Bangladesh na Kenya. Bangladesh, ambako wahamasishaji walipita nyumbani mara kadhaa kwa mwezi, kuhara kulipungua. Kenya, ambako ziara zilikuwa chache zaidi, hakukupungua. Zipo tofauti nyingine kati ya sehemu hizo mbili, kwa hiyo sitaki kuitwika idadi ya ziara mzigo wote.

Upande wa maji nao usishangilie mapema. Mapitio ya tafiti za hospitali yaliyotoka mwaka 2010 yalikuta wahudumu wakitakasa mikono wastani wa asilimia 40 tu ya nyakati wanazopaswa. Hawa wana sinki, wana sabuni, na habari za vijidudu wamezisomea. Kilichowashinda ni hatua chache kutoka kitandani hadi kwenye sinki, mara kadhaa kwa saa. Hospitali kuu ya Geneva ilipoweka kitakasa mikono chenye alkoholi kando ya vitanda, utakasaji ulipanda kutoka asilimia 48 mwaka 1994 hadi 66 mwaka 1997. Mabango pia yalibandikwa, kwa hiyo watu wa elimu wana haki ya kudai mgawo wao.

Mimi naegemea upande wa ukaribu wa maji na sabuni. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikadiria kwamba mwaka 2022 watu kama bilioni 2 hawakuwa na sehemu ya kunawia yenye maji na sabuni nyumbani. Kumwambia mmoja wao anawe mara kumi kwa siku ni kumtuma kisimani, hata kama ukiliita agizo hilo elimu.

Kibuyu chirizi kimejibu vizuri swali la mkono wa tatu. Dumu dogo lenye tundu linaning'inizwa kwenye mti, kamba inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, sabuni imetobolewa ikafungwa uzi pembeni. Unakanyaga, dumu linainama, mikono yote miwili iko huru, na maji yanayotoka ni kidogo sana. Lakini dumu lenyewe ni la lita chache. Likikauka saa nne asubuhi kuna mtu lazima aache kazi yake akalijaze, na katika mipango mingi ya kampeni sijaona mahali alipoandikwa mtu huyo.