Ustawi wa wafanyakazi uanze kwenye kalenda ya likizo

Kampuni nyingi za Dar es Salaam siku hizi zina fungu la ustawi wa wafanyakazi. Litanunua fulana za bonanza, litamleta mtaalamu wa saikolojia azungumze asubuhi moja juu ya msongo wa mawazo. Sina ugomvi na hayo. Ila ukitaka kujua kama mwajiri anawajali watu wake, omba orodha ya salio za likizo. Ukikuta mhasibu ana siku 60, dereva ana 75 na mtunza ghala hajapumzika tangu mwaka juzi, basi kazi ya kwanza ya idara ya rasilimali watu haijafanyika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania angalau siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi 12, na sikukuu ikiangukia humo inahesabiwa ndani. Mwajiri ndiye anayepanga zichukuliwe lini, mradi isipite miezi 6 tangu mzunguko ulipoisha. Miezi hiyo inaweza kufika 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanalazimu. Kwa hiyo likizo ya Januari hadi Desemba 2025 mwisho wake ni tarehe 30 Juni 2026, na kwa ridhaa ni 31 Desemba 2026. Malipo ya kipindi cha likizo hutolewa kabla mtu hajaondoka. Hapo ndipo wengi huteleza: mtu anaondoka tarehe 10, mshahara unatoka tarehe 25, naye yuko Bukoba na watoto akisubiri meseji ya benki.

Kosa jingine ni la hesabu. Siku 28 ni za kalenda, yaani wiki 4, ambazo kwa ofisi ya Jumatatu hadi Ijumaa ni siku 20 za kazi. Sasa mmoja anaomba Jumatatu hadi Ijumaa, anakatwa 5, Jumamosi na Jumapili hazimo. Mwenzake anaondoka wiki 4 kwa mkupuo, anakatwa zote 28. Wa kwanza akiendelea hivyo atapata zaidi ya wiki 5, na manung'uniko yataanza. Chagueni namna moja ya kuhesabu, iandikwe kwenye sera, na fomu ifuate hiyo hiyo. Kampuni yenye ofisi Arusha na Nairobi isinakili sera ya upande mmoja: Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, ni siku 21 za kazi, na zikigawanywa, kwa kawaida kipande kimoja kinapaswa kufika wiki mbili za kazi bila kukatizwa.

Kanuni hiyo ya wiki mbili naipenda, na ningependa kila mwajiri wa Tanzania aiweke kwenye sera yake hata kama anaruhusu vipande. Likizo inayochukuliwa siku mbili mbili huishia kwenye foleni za hospitali, kwenye vikao vya shule na misibani. Nyingine hazikupaswa hata kukatwa huko. Kufiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye, au mtoto kuugua ama kufariki, kuna angalau siku 4 zenye malipo zilizo mbali na likizo ya mwaka. Ugonjwa una siku 126 katika miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na zinazofuata 63 kwa nusu. Afisa anayemwandikia mtu likizo ya mwaka kwa sababu alilazwa anamnyang'anya haki yake, hata kama mgonjwa mwenyewe ametia saini.

Lakini sheria si kikwazo kikubwa. Watu hawaendi likizo kwa sababu hakuna anayeweza kushika kazi yao. Hapo ndipo panapohitaji juhudi.

Mwezi Oktoba kila mtu apewe salio lake kwa maandishi, achague vipindi viwili kwa kipaumbele. Mkuu wa kitengo avipange kwenye jedwali moja la wiki 52, akiwa amekwisha kutia alama wiki zisizogusika: kufunga hesabu, ukaguzi, msimu wa mauzo. Kitengo cha watu 5 kitoe mmoja kwa wakati. Desemba ndiyo yenye kugombewa kuliko miezi yote, maana kuna wanaokwenda Kilimanjaro kwa Krismasi na kuna wenye watoto waliofunga shule. Aliyeipata mwaka huu ampishe mwingine mwaka ujao, na hilo liandikwe ili lisitegemee nani ana maelewano na bosi. Katikati ya Desemba kalenda iwe imesainiwa na kubandikwa.

Halafu kaimu. Apewe angalau siku tatu za kukaa na mwenye kazi kabla hajaondoka. Makabidhiano yawe ukurasa mmoja: shughuli zilizo njiani na tarehe zake za mwisho, watu wa kupigiwa, majalada yalipo, kiwango ambacho kaimu anaruhusiwa kuidhinisha. Asipewe nywila ya mwenzake. Afunguliwe ruhusa yake mwenyewe kwenye mfumo, na ifungwe mwenzake akirudi. Wahasibu wengi huharibikiwa likizo kwa sababu ya saini ya benki: watia saini ni wawili tu, malipo yamekwama, anaitwa arudi kutoka Moshi. Weka watatu, wowote wawili waweze kusaini, na anza mapema kwa sababu barua za benki huchukua muda. Mabenki mengi humlazimisha mfanyakazi aondoke wiki mbili mfululizo kwa sababu nyingine kabisa: anayeficha wizi lazima awepo kila siku kuufunika.

Makundi ya WhatsApp ya kazi yanyamazishwe kwa aliye likizo, au aondolewe kwa muda. Swali la dakika mbili saa nne usiku linatosha kumrudisha mtu kazini kimawazo.

Kuna wanaoona ni nafuu kununua siku hizo kwa fedha. Mimi napinga. Malipo ya siku ambazo hazijatumika yana mahali pake mtu anapoacha kazi: mshahara wa msingi wa siku 1 kwa kila siku 13 alizofanya kazi, hivyo aliyefanya siku 130 anaondoka na malipo ya siku 10. Fedha haipumzishi mwili. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021 yalihusisha kazi ya saa 55 au zaidi kwa wiki na hatari kubwa zaidi ya kiharusi kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Ndiyo maana, hasa kwa walinzi na wauguzi, rosta ya zamu nayo ikaguliwe: kati ya kutoka na kuingia tena kuwe na saa 12. Aliyetoka saa mbili usiku asipangwe kabla ya saa mbili asubuhi, na kama anaishi Mbagala na kazi iko Masaki, hata hizo 12 hazimwachii usingizi mrefu.

Karakana au duka la watu wanne haliwezi kuwa na kaimu kwa kila mtu. Kwa kuwa mwajiri ndiye mpangaji wa tarehe, afunge kazi kwa wiki mbili ambazo wateja ni wachache, wote waondoke pamoja wakiwa wamelipwa, na wiki mbili zilizobaki wazichukue kwa zamu. Watu waambiwe tarehe hizo miezi mitatu kabla, ili atakayesafiri akate tiketi ya basi mapema.