Jezi Yangu ya Shilingi 450

Mtaani kwetu Kayole kuna kibanda cha mpira. Ni mabati, mabenchi sita, na kiti kimoja cha plastiki ambacho ni cha mwenyewe, usijaribu kukikalia. Mlangoni pana ubao mweusi ambao mwenyewe huandika kwa chaki mechi za wiki na bei ya kuingia. Sasa, zile wiki ambazo ligi ya Uingereza husimama ili wachezaji waende kuzichezea nchi zao, ubao ule huandikwa maneno mawili tu: HAKUNA MPIRA. Kenya inacheza, lakini hakuna mpira. Na sisi wateja husoma, tukasikitika kama waliofiwa, kisha tukarudi nyumbani kufua soksi.

Sikatai, nilikuwa mmoja wao. Ungeniuliza beki gani wa Arsenal anaumwa goti na ni la upande upi, ningekujibu nikiwa usingizini. Kipa wa Harambee Stars, timu yetu ya taifa, angekaa nami kiti kimoja kwenye matatu kutoka Kayole hadi mjini, nami ningemwambia tu asogee kidogo.

Juni 2024 uzalendo ulinipanda ghafla, kama malaria. Aliyeniambukiza ni mpwa wangu. Alikuja kula ugali, na katikati ya tonge akaniambia, "Anko, Jumanne tunacheza nyumbani na Ivory Coast."

Ivory Coast! Mabingwa wa Afrika, waliokuwa wamebeba kombe Februari ileile kwao Abidjan kwa kuilaza Nigeria 2-1. Nikajiambia, watu wazito kama hawa wakija kwetu na kukuta viti vitupu, ni aibu ya ukoo. Ni kama mgeni abishe hodi, akute wenyeji wamejifungia chumbani wanatazama harusi ya jirani.

Nyumbani. Neno hilo ndilo lililoniponza. Kijana alisema nyumbani, hakusema ni wapi, nami sikumuuliza. Nani huuliza kwao ni wapi?

Jumatatu jioni nikapitia kwa wachuuzi wa barabara ya Ronald Ngala mjini kununua jezi. Yule kijana alianzia 800, nikaanzia 300, tukatukanana kwa heshima mpaka tukakutana 450. Jezi nyekundu, nzuri, na kifuani kibendera cha nyeusi, nyekundu na kijani. Giza lilikuwa limeingia na askari wa kaunti walikuwa wanakaribia, kwa hiyo ukaguzi wangu haukuwa wa kina. Niliona ndani ya ile nyeusi kuna kitu cha mviringo kimekatwa nusu, kimezungukwa na vijiti. Nikasema hiyo ni ngao yetu, fundi ameichora ikiwa imelala, na vijiti ni mikuki. Ilikuwa mikuki mingi kuliko ile miwili niliyoizoea. Nikaona heri, ulinzi umeongezwa.

Ikabaki kazini. Mimi ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi, na meneja wetu ni Arsenal damu. Mei hiyohiyo, Arsenal walipoifunga Everton 2-1 siku ya mwisho na bado Manchester City wakachukua kombe kwa tofauti ya pointi mbili, Jumatatu yake tulifunga duka saa tisa mchana kwa sababu "hali si nzuri." Mtu wa namna hiyo, nikadhani, ana moyo. Lakini sikutaka kumjaribu. Nikamwambia shangazi yangu ana goti, lazima nimpeleke hospitali. Goti nililiazima kwa yule beki.

Jumanne nikatoka mapema mno, maana mabingwa wa Afrika wangejaza watu. Nikavaa jezi, nikachukua vuvuzela la mpwa wangu, nikapanda matatu ya Outering. Pembeni ilikuwa imechorwa Ronaldo, nyuma Messi, ndani Rashford. Konda aliniangalia kuanzia juu hadi chini akauliza, "Mzee, leo kuna maandamano?" (Maandamano yenyewe yalikuja wiki iliyofuata, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Nikamwambia naenda mechi. Akawageukia abiria: "Kwani leo kuna mpira?" Mama mmoja mwenye kuku kapuni akasema hapana, ligi iliisha mwezi uliopita. Nikapuliza vuvuzela kidogo kuwaelimisha. Kuku akachanganyikiwa, nikaombwa niache.

Nilipofika Kasarani nilishangaa nafasi niliyoipata. Hakuna foleni. Hakuna mwenye kuuza bendera, wala njugu, wala polisi wa farasi. Nikajipongeza kwa kuwahi. Uwanja wa watu 60,000 na mimi ndiye wa kwanza! Nikalisogelea geti. Limefungwa kwa mnyororo. Ndani lori la mchanga linarudi nyuma likilia pii, pii, pii, na mafundi wawili wamelalia matofali.

Kando ya geti alikaa soja mmoja mzee, ana kikombe cha chai na nusu mkate.

"Shikamoo mzee. Nimekuja mechi."

"Marahaba. Mechi ipi?"

"Kenya na Ivory Coast."

Aliweka kikombe chini taratibu. Akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa tai, akaivaa, akainama mpaka pua ikakaribia kifua changu. Alikaa hapo muda mrefu, kama daktari anayesikiliza mapafu.

"Kijana," akasema, "hii ni bendera ya Malawi. Hili ni jua linachomoza."

Nikatazama. Jua lilikuwa linachomoza.

"Na mechi pia iko Malawi. Lilongwe. Wewe umepatia kila kitu, kilichobaki ni kufika."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa masoja. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayepeleka habari za msiba. Kasarani imefungwa kwa ukarabati, Nyayo haina kibali, na nchi nzima hakuna kiwanja hata kimoja ambacho CAF, wale wakubwa wa mpira wa Afrika, wamekikubali. Kwa hiyo "nyumbani" ni Lilongwe. Ijumaa iliyotangulia tulikuwa tumetoka sare 1-1 na Burundi hukohuko nyumbani. Mimi sikujua hata kwamba tulicheza.

"Lakini wewe ni shabiki?" akauliza.

"Sana."

"Nitajie wachezaji watatu."

Nikaanza kwa kujiamini. "Olunga." Akatikisa kichwa kukubali. "Wanyama." Akafumba macho. "Huyo aliaga timu ya taifa 2021." Jasho likaanza. Nikaona nikimbilie jina kubwa: "Origi!"

"Origi yupi? Arnold au Divock?"

"Divock."

"Huyo ni wa Ubelgiji. Wetu ni baba yake, Mike Okoth."

Kumbe yule mzee alikuwa ndani ya uwanja huohuo 1987, fainali ya Michezo ya Afrika, Misri wakatufunga 1-0. Alinionyesha kwa kidole sehemu aliyokaa, ng'ambo ya lile lori. Akanihesabia Kombe la Afrika alilotuona tukienda: 1972, 1988, 1990, 1992, 2004, 2019. Kombe la Dunia hakuhesabu, hakuna cha kuhesabu. Akanisimulia Novemba 2009, Nigeria walipokuja hapo, tukawaongoza, wakarudi, tukasawazisha, wakatufunga 3-2 na kufuzu kwenda Afrika Kusini kupitia mgongo wetu. Alisema siku ile aliogopa kwenda nyumbani kwa mkewe maana alikuwa ametumia pesa ya unga kununua tiketi. Nilimsikiliza huku nimeshika vuvuzela kama mwiko. Mkate ulipoisha akaniambia, "Angalau upige picha, usiende mikono mitupu." Akanipiga mbele ya geti, nimeinua vuvuzela, mnyororo unaonekana vizuri. Nikaiweka WhatsApp kwenye stetasi, nikaandika: Nyumbani Kwanza.

Nikarudi Kayole moja kwa moja hadi kibandani, nikasema potelea mbali, nitaitazama kwenye televisheni. Ubao: HAKUNA MPIRA. Ndani, watu saba wanatazama filamu ya Kinaijeria, mama mkwe anamwagia mtu maji. Nikaomba wabadilishe, Kenya inacheza na mabingwa wa Afrika. Mwenyewe akaniambia nikitaka nilipie viti vyote saba. Mama mkwe akaendelea. Matokeo nilikuja kuyaona kwenye simu: 0-0. Tumewazuia mabingwa wa Afrika, na katika mtaa mzima aliyepuliza vuvuzela ni mimi, majirani wakadhani gari la takataka limefika.

Kesho yake meneja akaniita.

"Shangazi anaendeleaje?"

"Anapata nafuu, bosi."

"Amelazwa Kasarani?"

Akanigeuzia simu. Nilikuwa nimesahau kwamba bosi ana namba yangu, na mwenye namba yako ana macho.

Kilichonishangaza ni kwamba uongo wenyewe haukumuudhi. "Ungesema ni Arsenal ningekuelewa," alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Lakini Harambee Stars? Mtu mzima anamvunja shangazi yake goti kwa ajili ya Harambee Stars?" Akanikata mshahara wa siku moja. Nikaondoka nikiwa na deni la shangazi, ambaye habari zilimfikia na akataka kujua ni goti lipi.

Basi ikaja Agosti 2025, mashindano ya CHAN, yale ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Kasarani imefunguliwa na imepakwa rangi. Tukaifunga DR Congo 1-0, na Nairobi nzima ikaamka asubuhi ikiwa shabiki wa tangu kuzaliwa. Kibandani ubao uliandikwa KENYA kwa herufi kubwa, na kiingilio kikapanda. Siku mbili kabla ya mechi ya Morocco bosi alikuja kaunta yangu mwenyewe, anatabasamu. Tiketi ameshapata. Jezi ndiyo shida, mjini zimekwisha, na zilizobaki wanauza bei ya saruji.

"Ndugu yangu," akasema. Miaka sita nafanya kazi pale, hajawahi kuniita ndugu. "Ile jezi yako nyekundu ya kwenye picha, bado unayo?"

Nikamwambia ninayo, na imefuliwa. Nikamletea kesho yake, nimeipiga pasi, kifua kimekunjiwa ndani.