Mto Pangani na watu wa Ngamiani: siti ya bure haitoshi

Likizungumzwa suala la kuwaingiza wakazi wa mitaa ya Tanga mjini katika matembezi ya boti Mto Pangani, ubishi huishia kwenye nauli. Kuna wanaosema ondoeni malipo, watu wa Ngamiani na Makorora watajaa. Wengine hujibu kuwa mto una mamba, waacheni watu na Raskazone yao, ufukwe wa hapo mjini.

Hoja ya mamba isidharauliwe. Desemba 2010 Hendri Coetzee, raia wa Afrika Kusini aliyebobea katika mito mikubwa ya Afrika, alinyakuliwa na mamba akiwa ndani ya kayaki, mtumbwi mwembamba wa kasia, kwenye Mto Lukuga, Kongo. Kwa anayeanza, basi, kayaki Pangani hapana. Apande boti yenye ubavu mrefu, mikono ibaki ndani, ashukie gatini, arudi kabla ya magharibi. Kichocho nacho kipo kwenye maji baridi yaliyotulia, na kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Konokono wanaoueneza hawaishi kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo karibu na mdomo wa mto hofu hiyo hupungua. Ya mamba haipungui.

Lakini mamba huyohuyo hajawazuia wageni wa hotelini. Kinachowabakisha watu wa mjini ufukweni ni matayarisho, na hapo ndipo watetezi wa siti ya bure wanapoteleza.

Kosa la kwanza ni kupanga safari kwa kalenda ya ofisini: kila Jumamosi, saa nne asubuhi. Pwani hii, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne. Boti ya Jumamosi hiyo itakuta mafungu ya mchanga mdomoni, na maji yanayotoka yakikutana na upepo wa baharini huinua mawimbi mafupi ya kusimama. Mgeni wa maji akitapika siku hiyo harudi tena. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi mwandamo, mambo hugeuka: maji hujaa mnamo saa nne na mkondo ni mpole. Ondoka saa tatu ukipanda na maji, geuza yakianza kutoka. Masika ahirisha, mto huleta magogo. Nahodha yeyote wa Pangani anayajua haya, ila ratiba huandikwa bila kumuuliza.

La pili ni mavazi, na hapa aibu ni ya waandaaji. Mwanamke huletewa jaketi la kujiokolea la saizi moja, alivae juu ya baibui. Baibui likilowa hufunga miguu. Mwambieni mapema: suruali ya kubana kiasi, blauzi ya mikono mirefu, mtandio uliochomekwa ndani ya shingo. Stara ipo na miguu ina nafasi. Jaketi la newtoni 50, kipimo cha nguvu ya kumwelesha mtu, ni la anayejua kuogelea. Asiyejua apewe la 100, lenye kola inayosaidia kuinua uso. Likishafungwa, livute juu mabegani: likipita masikio, ni kubwa. La mtoto liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu.

La tatu ni kuogelea. Kuzaliwa pwani si kujua maji, na wasichana wengi hawakufundishwa kabisa. Kabla ya mto, kila mtu aweze kuelea chali dakika mbili akiwa na nguo, kisha aogelee mita 25. Mahali pa kujifunzia ni baharini penye utulivu, maji yakiwa kifuani, wanafunzi wasiozidi sita kwa mwalimu, na wanawake wawe na mwalimu mwanamke na saa yao.

Gharama hupanda, ndiyo. Fedha ya kuwapandisha watu 40 siku moja huenda itoshe 10 tu kwa Jumamosi nne. Wafadhili hupenda picha ya wale 40. Sisi tungechukua wale 10, na wa kwanza kuajiriwa angekuwa mwalimu wa kike, kabla hata ya kununua boti.